Sahihi ya Sidelsky

Siku yake ya kwanza kazini, mwaka 1941, Nelson Mandela aliambiwa na mpiga chapa wa ofisi kwamba humo ndani hakuna ubaguzi. Mwanamke yule alikuwa Mzungu na alisema kwa nia njema. Kisha akaongeza habari ya chai. Saa ya chai ikifika, italetwa sinia, na kwa ajili yenu tumenunua vikombe viwili vipya, kimoja chako na kimoja cha Gaur. Gaur Radebe alikuwa karani mwenzake, mwanachama wa ANC na wa Chama cha Kikomunisti, mtu asiyeogopa kutazamwa. Sinia ilipowekwa, alivipita vile vikombe vipya, akachukua kimoja cha zamani, akatia sukari na maziwa na kukoroga taratibu huku ofisi nzima ikimwangalia. Mandela alibanwa pande zote mbili. Akichukua kipya, amemwacha mwenzake peke yake; akichukua cha zamani, amegombana na wenyeji wake kabla hajajua choo kiko wapi. Akasema hana kiu. Tangu siku hiyo chai yake aliinywea jikoni.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha ubaguzi, na ni kweli ndivyo kilivyo. Mimi hukiona pia kama somo la kwanza la sheria alilopewa mtu ambaye baadaye angesimama mahakamani kama wakili pasipo kuwa na shahada ya sheria. Ofisi ile ya Witkin, Sidelsky na Eidelman, katikati ya Johannesburg, ndiyo iliyokuwa darasa lake. Alijifunza humo kuandika mkataba na kufungua jalada, na pia jinsi kanuni inavyoweza kuwapo bila kuandikwa popote, ikawafunga watu kwa nguvu kuliko ile iliyoandikwa.

Tuutazame kwanza utaratibu wenyewe. Afrika Kusini ilikuwa na mawakili wa aina mbili, kama Waingereza walivyozoea. Wa aina moja hukaa na mteja, humsikiliza, humwandikia hati, hushughulikia nyumba, rehani na mirathi, na huweza kumtetea mbele ya hakimu wa mahakama za chini. Wa aina ya pili husubiri kuletewa kesi na wale wa kwanza, kisha hutetea mbele ya majaji wa mahakama za juu. Njia ya kuingia aina ya kwanza ilikuwa uanagenzi. Kijana alifunga mkataba na wakili mwenye leseni, mkataba ukasajiliwa kwenye chama cha mawakili, akatumikia ofisini miaka kadhaa, miaka 5 kama hana shahada yoyote, 3 kama anayo, kisha akafanya mitihani ya taaluma. Akifaulu, jina lake linaingizwa kwenye orodha. Shahada ya sheria ilikuwa pambo zuri na ilifungua milango mingine, lakini kwa aina hii ya kwanza mtu aliweza kupita bila hiyo.

Watu wa pwani yetu hawawezi kushangazwa na mpango huu. Sheria huko Lamu, Mombasa na Unguja ilisomwa kwa darsa, miguuni pa mwalimu, kitabu baada ya kitabu, mpaka mwalimu mwenyewe aone kwamba mwanafunzi wake sasa anaweza kufundisha au kuhukumu, akampa ijaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937, alikuwa mwana wa darsa za aina hiyo. Kilichothibitisha elimu ya mtu kilikuwa jina la aliyemfundisha.

Na papo hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa Johannesburg. Kule Marekani, Abraham Lincoln alijisomea vitabu vya kuazima, akapata leseni ya uwakili Illinois mwaka 1836 bila kumtumikia bwana yeyote. Johannesburg haikuruhusu hivyo. Ungeweza kuzijua sheria zote za Kirumi na za Kiholanzi kwa moyo, lakini kama hakuna wakili aliyekubali kutia sahihi yake kwenye mkataba wako, ulibaki karani. Sheria ya mwaka 1934 iliyosimamia mambo haya haikumtaja Mwafrika wala kumkataza. Haikuwa na haja. Ilitosha kwamba karibu mawakili wote walikuwa Wazungu, na kwamba kila mmoja alikuwa huru kuchagua nani akae kwenye meza ya pembeni mwa yake.

Ofisi nyingine ya mji huo ilikuwa imelijaribu lango hili miaka 30 na zaidi kabla ya Mandela. Kwenye pembe ya mitaa ya Rissik na Anderson alikuwa na chumba wakili Mhindi aliyeitwa Mohandas Gandhi. Yeye mwenyewe hakutokea kwenye uanagenzi. Alikuwa amesomea London, Inner Temple, ambako hadi leo watu hutaniana kwamba uwakili wa Kiingereza huliwa, kwa sababu mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria idadi fulani ya chakula cha jioni pamoja na mitihani yake. Aliitwa kwenye uwakili Juni 1891, na alirudi kwao akiwa hajui hata namna ya kumhoji shahidi. Kazi ya kweli aliijifunzia Pretoria mwaka 1893, alipoletwa kusaidia kesi ya mfanyabiashara Dada Abdulla: hapo alikaa na mawakili wazoefu, akapekua daftari za hesabu, akaona jinsi kesi inavyojengwa kutoka kwenye risiti na barua. Mwaka uliofuata, alipoomba kuingizwa kwenye orodha ya Natal, chama cha mawakili cha huko kilimpinga kwa rangi yake, na mahakama ikakikatalia chama. Transvaal aliingia mwaka 1903.

Huyu sasa ndiye akawa mwenye sahihi. Alimpokea mwandishi wa habari Mwingereza, Henry Polak, aliyekutana naye mwaka 1904 kwenye mkahawa wa watu wasiokula nyama. Polak alitumikia mkataba wake kwa Gandhi, na mwaka 1908 akawa wakili. Hebu tulitazame jambo hilo kidogo: katika mji ambao Mhindi hakuruhusiwa kutembea juu ya njia ya waenda kwa miguu, Mzungu alifundishwa sheria na Mhindi, na serikali ikaipokea sahihi ya Mhindi huyo. Karatasi ilitosha.

Haikutosha kwa Sonja Schlesin. Alizaliwa Moscow, akaletwa Afrika Kusini akiwa mtoto, na aliajiriwa na Gandhi kama katibu akiwa msichana wa miaka 17. Katika miaka ya maandamano ya Wahindi dhidi ya ubaguzi, viongozi wao wakiwa gerezani, yeye ndiye aliyeshika funguo, hesabu na barua za harakati nzima. Gandhi alimwamini kuliko wanaume wengi waliomzunguka. Mwaka 1909 waliwasilisha maombi ya kusajili mkataba wake wa uanagenzi. Chama cha mawakili cha Transvaal kilikataa, na mahakama ikakubaliana nacho, kwa hoja kwamba jambo la mwanamke kuwa mwanagenzi wa sheria halijawahi kutokea nchini na waliotunga sheria hawakulifikiria. Bwana alikuwapo tayari kutia sahihi, mwanagenzi alikuwapo, kazi alikuwa akiifanya tayari. Kilichokosekana ni mtu mwingine aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Bunge lilifungua mlango huo mwaka 1923, wakati Gandhi amekwisha rudi India. Schlesin alikuja kuwa mwalimu wa Kilatini huko Krugersdorp, na vizazi vya wanafunzi wake huenda hawakujua kwamba mwalimu wao angekuwa wakili wa kwanza mwanamke wa Johannesburg.

Sasa turudi kwa kijana wa vikombe.

Alifika Johannesburg mwaka 1941 akitoroka ndoa aliyopangiwa na mlezi wake, mtawala wa Wathembu, naye amekwisha ondoka chuo cha Fort Hare bila shahada baada ya mgomo wa wanafunzi. Alilinda lango la mgodi wa Crown usiku kwa rungu na filimbi, mpaka wakubwa walipogundua ametoroka kwao. Ndugu yake mmoja akampeleka kwa dalali wa nyumba aliyekuwa na ofisi mjini. Dalali huyo, Walter Sisulu, aliongea Kiingereza kizuri na alikuwa na wateja wanaomngoja, hivyo Mandela akadhani ana shahada. Alistaajabu kusikia kwamba shule Sisulu aliiacha mapema sana, akaenda kufanya kazi. Kama yupo mtu wa kwanza aliyemfundisha kwamba elimu haina mlango mmoja, ni huyu. Sisulu alikuwa akimpelekea wakili Lazar Sidelsky wateja Waafrika waliotaka mikopo ya kununua viwanja, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuomba fadhila. Aliomba moja tu: mchukue kijana huyu.

Sidelsky alikuwa na miaka ya thelathini hivi, Myahudi, mtu mwenye kuamini kwamba Waafrika wakisoma mambo yatajirekebisha. Alikubali kumchukua kama karani kwanza, amalize shahada yake ya kwanza kwa posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kisha amfungie mkataba. Kwa desturi mwanagenzi ndiye aliyemlipa bwana wake ada ya kupokelewa, na ada hiyo peke yake ilitosha kuwazuia maskini wa rangi yoyote. Sidelsky aliisamehe. Akampa pia suti yake kuukuu, ambayo Mandela aliivaa karibu kila siku kwa miaka mitano, mpaka viraka vikawa vingi kuliko suti.

Mshahara ulikuwa pauni 2 kwa wiki. Alipanga chumba Alexandra, mtaa usiokuwa na umeme, akisomea kwa mshumaa. Siku za ukata, ambazo zilikuwa nyingi, alitembea kilomita karibu 10 kwenda ofisini na karibu 10 kurudi ili aiokoe nauli ya basi. Mchana alikuwa mtumwa wa karatasi: kupeleka samansi, kupanga nyaraka kwenye majalada, kuwakalisha wateja Waafrika na kuwatafsiria, kuchukua hati masijala na kuzirudisha na mhuri. Yeyote aliyewahi kuwa karani wa wakili, awe Kariakoo au Nairobi, anazijua kazi hizi. Zinaonekana za kijinga. Lakini mtu akishapeleka samansi 200, anajua kitu ambacho profesa hakijui: anajua karani gani wa mahakama huchelewesha, hakimu gani hukasirika asubuhi, mteja gani anadanganya na kwa nini.

Kuna siku alikuwa akimsomea barua mpiga chapa Mzungu aiandike. Akaingia mteja Mzungu. Yule dada, akiona haya kukutwa akipokea maneno kutoka kwa Mwafrika, akatoa peni sita kwenye mkoba wake, akamwambia kwa sauti aende dukani akamletee shampuu. Mandela alizichukua zile peni, akaenda kuinunua. Mwanagenzi mwenzake Mzungu, Nat Bregman, alifanya jambo tofauti kabisa: alitoa mkate wake wa mchana, akamwambia shika upande huu, vuta. Ukakatika, kila mmoja akala kipande chake. Bregman alikuwa Mkomunisti na hilo lilikuwa hubiri lake lote.

Sidelsky alimwonya ajiepushe na siasa. Alimwambia siasa itamfilisi, itamfukuzia wateja na kumpeleka gerezani, na aliwataja hasa Sisulu na Gaur kama watu wa kuwaogopa. Unabii huo ulitimia kila neno, ingawa haukuwa na nguvu yoyote, maana Gaur alikaa meza ya jirani. Gaur hakuwa na shahada, wala hakuwa na mkataba, lakini aliijua kazi. Ilifika siku akamwambia Sidelsky usoni kwamba wewe umekaa kama bwana huku chifu wangu akikimbizwa mjini na makaratasi yako.

Na Gaur ndiye aliyefanya kitendo ambacho nadhani kimepewa nafasi ndogo mno katika historia hii. Mwaka 1943 alimwambia Mandela kwamba anaacha kazi. Sababu aliitoa wazi: ofisi hii haitaandikisha mwanagenzi Mwafrika maadamu mimi nipo hapa. Ofisi ya Wazungu ingeweza kumeza Mwafrika mmoja, wawili wangekwama kooni. Akaondoka, akafungua kazi yake ya udalali wa nyumba, na haukupita muda mrefu Sidelsky akatia sahihi. Kwa hiyo sahihi ile ina kalamu mbili. Moja ni ya mwenye leseni, nyingine ni ya karani aliyejiondoa ili nafasi ibaki. Agosti mwaka huohuo nauli ya basi la Alexandra ilipandishwa kutoka peni 4 hadi 5, Gaur akawa miongoni mwa walioongoza mgomo, na mwanagenzi mpya wa Witkin, Sidelsky na Eidelman akatembea na maelfu ya watu barabarani. Mabasi yalikwenda matupu siku 9, nauli ikarudi 4. Onyo la Sidelsky halikudumu hata mwaka.

Mandela hakuudharau mlango mwingine. Mwaka huo wa 1943 alijiandikisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kusomea shahada ya sheria, akiwa Mwafrika pekee katika kitivo hicho. Ni huko alikokutana na Joe Slovo, Ruth First, George Bizos, Ismail Meer, Bram Fischer, watu watakaokuwa pamoja naye kwa maisha yote. Alipata marafiki, shahada hakuipata. Profesa wa sheria, Hahlo, alimwambia kwamba wanawake na Waafrika hawana nidhamu ya kuimudu taaluma hii. Ofisi mchana, chuo jioni, kisha mwendo wa kurudi nyumbani na mshumaa, na baadaye mke, watoto, na mikutano ya umoja wa vijana wa ANC. Alifeli, akarudia, akafeli. Muda wake wa uanagenzi uliisha mwanzoni mwa 1947. Akakopa pauni 150 ili asome wakati wote, na bado hesabu ikakataa. Mwishoni mwa 1949 aliomba ruhusa ya kurudia mitihani ya mwaka wa mwisho. Chuo kikamkatalia.

Sitaki kumfanya shujaa wa mitihani mtu aliyefeli mitihani. Alama zake zilikuwa mbaya na kanuni za chuo zilikuwa zilezile kwa wote, walau kwenye karatasi. Lakini tazama lililobaki mkononi mwake. Kama Afrika Kusini ingekuwa na mlango mmoja tu wa kuingia uwakili, wa chuo kikuu, historia ya Mandela kama wakili ingeishia hapo. Alikuwa na karatasi nyingine: miaka ya mkataba aliyokwisha kuitumikia, imesajiliwa, imelipwa kwa miguu. Alihitaji tu mitihani ya taaluma. Akaenda kufanya kazi kwenye ofisi za mawakili wengine, akajisomea, akafaulu, na mwaka 1952 jina lake likaingia kwenye orodha.

Oliver Tambo alipita njia hiyohiyo kwa utulivu zaidi, kama alivyofanya kila kitu. Alikuwa na shahada ya sayansi kutoka Fort Hare na alikuwa mwalimu wa hisabati shule ya St Peter's, mwalimu hodari sana. Alifunga mkataba na ofisi ya mawakili ya mjini, akasoma kwa posta, akafaulu. Agosti 1952 Mandela alifungua ofisi yake jengo la Chancellor House, mtaa wa Fox, mkabala na mahakama ya hakimu mkazi. Katibu wake alikuwa Zubeida Patel. Kabla ya muda mrefu Tambo akajiunga naye, na bamba la shaba likaandikwa majina mawili. Jengo lilikuwa mali ya Wahindi, moja ya machache katikati ya mji ambayo Mwafrika angeweza kupanga.

Kila asubuhi walilazimika kujipenyeza kati ya watu waliojaa korido, ngazi na chumba kidogo cha kungojea. Ilikuwa kosa kupita mlango wa Wazungu, kosa kupanda basi la Wazungu, kosa kunywa maji kwenye bomba la Wazungu, kosa kuwa barabarani baada ya saa tano usiku, kosa kutokuwa na kitabu cha pasi, kosa kuwa na sahihi isiyo sahihi ndani ya kitabu hicho. Wakulima wazee walioondolewa kwenye ardhi ya mababu walikuja na maneno yao, wanawake waliopika pombe wakaja na faini zao.

Mandela mahakamani alikuwa mtu wa maonyesho. Kuna kesi ya mtumishi wa nyumbani aliyeshtakiwa kuiba nguo za bibi yake. Nguo zilitandazwa mezani kama vielelezo. Mandela alizitazama, kisha kwa ncha ya penseli akainua nguo ya ndani, akakigeukia kizimba cha shahidi polepole na kuuliza: Bibi, hii ni yako? Mama yule kwa aibu akajibu upesi kwamba siyo. Kesi ikafutwa. Hakuna kitivo kinachofundisha penseli. Hiyo ni elimu ya mtu aliyekaa miaka nyuma ya chumba cha mahakama akisubiri jalada lake liitwe, akiangalia watu wanavyodanganya, wanavyoona haya, na saa ngapi.

Serikali ilitaka waondoke pale mtaa wa Fox. Sheria ya maeneo ya mijini iliwataka wawe na kibali cha waziri kukaa mjini. Walipewa cha muda, kisha wakanyimwa, wakaambiwa wakafanye kazi kwenye kitongoji cha Waafrika, kilomita nyingi kutoka wateja wao wanaposhtakiwa. Hawakuondoka. Hivyo ofisi ya mawakili wawili ilikuwa yenyewe ni kosa la jinai, kila siku ilipofunguliwa.

Kisha ukaja mtihani ambao ndio hasa ulioamua kama sahihi ya Sidelsky ilikuwa na thamani. Desemba 1952 Mandela na wenzake 19 walihukumiwa kwa kuongoza kampeni ya kuvunja sheria za kibaguzi. Kifungo cha miezi 9, kikasimamishwa kwa miaka 2. Chama cha mawakili cha Transvaal kikaona nafasi. Mwaka 1954 kilikwenda mahakamani kuomba jina lake lifutwe, kwa hoja kwamba mtu aliyevunja sheria kwa makusudi hafai kuitumikia. Ni chama kilekile kilichomzuia Sonja Schlesin mwaka 1909. Mandela alitetewa bila malipo na Walter Pollak, mwenyekiti wa baraza la mawakili wa mahakama za juu wa Johannesburg, mtu ambaye wala hakuwa mfuasi wa siasa zake. Jaji Ramsbottom alisikiliza pande zote, akaamua kwamba kosa lililotendwa kwa imani ya kisiasa, pasipo tamaa wala udanganyifu, halimvunjii mtu heshima ya taaluma. Akaenda mbele zaidi, akakiamuru chama kimlipe Mandela gharama za kesi.

Ofisi haikudumu. Kesi ya uhaini iliyoanza 1956 ilimfunga Mandela kwenye vizimba vya mahakama miaka mingi, wateja wakapungua, na Machi 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville Tambo alitumwa na chama chake kwenda nje ya nchi, safari iliyompitisha Dar es Salaam. Januari 1962 Mandela naye alivuka mpaka kwa siri, akatua Mbeya, kisha Dar es Salaam, akamwona Nyerere. Huo mji ulikuwa na kitivo cha sheria kilichozaliwa miezi mitatu tu kabla, Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kabla ya hapo kijana wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyetaka uwakili alilazimika kupata nauli ya meli na ada ya London, na hata uanagenzi wa nyumbani hakuwa nao. Nairobi nayo ilianzisha shule yake ya sheria mwaka 1963, ikiwapokea wanagenzi waliokuwa wakitumikia mikataba kwenye ofisi za mawakili. Nchi hizi mpya zilikuwa zinaanza kujenga milango miwili ambayo Mandela, wakati ule, mmoja alikuwa tayari ameshautumia na mwingine ameshaukosa.

Alirudi, akakamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha Juni 1964. Kwenye Kisiwa cha Robben aliendelea na kazi yake kwa njia isiyoruhusiwa. Wafungwa walimletea majalada ya hukumu zao, naye akawaandikia maombi ya rufaa kwa karatasi za kufichwa. Alisomea shahada ya sheria ya London kwa posta, mara akiruhusiwa, mara akizuiwa. Mwaka 1989, akiwa na miaka 70, kwenye nyumba ya gereza la Victor Verster, shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini hatimaye ilimfikia. Alikuwa wakili kwa miaka 37 kabla yake.

Kwenye kisiwa hichohicho alikuwako mvulana aliyehukumiwa miaka 10 mwaka 1963 akiwa na miaka 15. Dikgang Moseneke alisomea shule yake ya sekondari gerezani, kisha shahada. Alitoka mwaka 1973, akatafuta wakili wa kumtilia sahihi. Mwaka 1976 ofisi moja ya Pretoria ilikubali, akaanza pale pa chini kama karani wa mkataba, na mwaka 1978 akaingia kwenye orodha ya mawakili. Mwaka 2005 alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa Afrika Kusini.

Februari 2014, miezi miwili baada ya Mandela kufa, waandishi wa habari waliitwa Houghton, Johannesburg, kusikia yaliyomo kwenye wosia wake. Wosia ulikuwa umewataja wasimamizi watatu wa mirathi. Mmoja alikuwa George Bizos, rafiki wa kitivo. Aliyekaa mbele ya maikrofoni akizifungua karatasi, akisoma ukurasa baada ya ukurasa kwa sauti ya mtu aliyezizoea hati, alikuwa Moseneke.